Kila Anayeomba Namwambia "Sawa"

Mama, mimi ni kijana wa Ntobeye, wilayani Ngara. Nilisomea kompyuta Mwanza, nikarudi nyumbani. Nilimtengenezea baba mdogo programu ya kuorodhesha video zake: DVD, flashi, hata kanda za zamani. Majirani wakaipenda, sasa inatumika mpaka Rulenge. Shida ni maombi. Mwenye banda la video anataka pawe na mahali pa kuandika jina la DJ. Mpiga video za harusi anataka imkumbushe wateja wenye madeni. Mama mmoja wa kanisani anataka itambue sura za watu. Vijana wanataka ishushe muvi kutoka intaneti. Baba mdogo anataka herufi kubwa. Wote niliwaambia "sawa, nitaweka". Miezi inapita, sijamaliza hata moja, na kwa kuchokonoa huku na huku programu imeanza kugoma. Baba mdogo hanisemeshi, na kompyuta ninayofanyia kazi alininunulia yeye. Nifanyeje?
Mchovu wa Ntobeye

Pole, mwanangu.

Nianze na hiyo "sawa, nitaweka" yako, maana ndiyo inayokukosesha usingizi. Najua ilikotoka. Umelelewa usimkatalie mkubwa usoni, na mtu akija hadi mlangoni kwenu unaona haya kumrudisha mikono mitupu. Lakini aliyeahidiwa huhesabu siku. Ungemwambia mpiga video tangu mwanzo kwamba mambo ya madeni hutayaweka, angenuna jioni moja, kesho yake angenunua daftari. Sasa anangoja, nawe ukimwona kwa mbali unabadili njia. Mwambie wiki hii. Programu ya video ikishaanza kudai watu hela haitakuwa tena ya video, na lawama za hesabu zote zitakurudia wewe.

Yule mama wa kanisani ni habari nyingine. Muuguzi mzoefu akiambiwa "nichome sindano" huuliza kwanza panauma wapi, nawe fanya hivyo hivyo. Kutambua sura ni kazi nzito, haikufai wewe uliye peke yako na kompyuta moja. Muulize tu: siku ulipokuja kuniomba, ulikuwa unatafuta nini? Nakisia alikuwa anamtafuta marehemu fulani, pengine misa ya kumbukumbu ilikuwa inakaribia, akakesha anapeleka mbele na kurudisha nyuma video ya harusi tangu risala hadi keki. Kama ndivyo, anachohitaji ni mahali pa kuandika jina la mtu na dakika anayoonekana. Hilo halihitaji mashine ya ajabu. Wajukuu watamsaidia kujaza, tena watajifunza nani ni nani katika ukoo. Orodha nyingi za video huishia kwenye jina la diski, ilhali familia hutafuta mtu.

Wala usidhani swali hilo la mtu anatafuta nini hasa ni la vijijini tu. M-Pesa ilipoanza kujaribiwa Kenya mwaka 2005 ilikuwa ya wakopaji wa taasisi ya mikopo ya Faulu kurejeshea mikopo yao kwa simu. Walioisimamia wakaangalia watu wanaifanyia nini hasa, wakakuta wanatumiana hela wao kwa wao. Machi 2007 Safaricom ilipoizindua, ikaja kama huduma ya kutuma pesa, na mikopo ikawekwa kando. Kwa hiyo usikae na maombi tu. Kaa nyuma ya mtu anapotumia programu yako, ufunge mdomo, uone anakwama wapi. Kisha andika kwenye daftari: nani, alikuwa anafanya nini, alikwama wapi. Daftari hilo litakufaa kuliko kelele za anayepiga simu mara nyingi.

Ombi lililonifurahisha kuliko yote ni la mwenye banda. Programu nyingi zilizotengenezwa ughaibuni zina mahali pa mwongozaji, mwaka na waigizaji. Bandani hakuna anayeuliza mwongozaji. Watu huuliza muvi imetafsiriwa na DJ gani, tangu enzi za Lufufu. Kenya wana DJ Afro wao, Uganda wana VJ Jingo, na ng'ambo ya daraja la Rusumo Wanyarwanda wana muvi zao wanazoziita agasobanuye, ambazo Mhangaza wa Ngara anazifuata bila taabu kwa kuwa lugha ni ndugu. Muvi moja ya Kichina inaweza kuwa kwenye rafu ya Ntobeye mara tatu, kila nakala na sauti yake, kila moja na wapenzi wake, na orodha isiyojua hilo itadhani mwenye banda ana nakala mbili za ziada. (Kama hao watafsiri walipewa ruhusa na wenye muvi, huo ni mjadala wa siku nyingine.)

Ila usikimbilie kuweka mahali pa DJ peke yake. Kesho paroko atataka mahali pa jina la kigango, keshokutwa mwalimu atataka mahali pa darasa. Ipo programu ya bure iitwayo Tellico, iliyoanza kama orodha ya vitabu kwa jina la Bookcase, baadaye ikapokea video na makusanyo mengine. Mtumiaji wake anaweza kuongeza sehemu anayoitaka na kuipa jina mwenyewe. Fanya hivyo. Kazi moja, na nusu ya maombi yako yatajibiwa bila kukurudia.

Vijana wa kushusha muvi, wakatalie bila kuomba radhi. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, haitauliza wewe ni mtoto wa nani. Kuorodhesha alichonacho mtu ni kazi halali. Usiigeuze mlango wa kupitishia jasho la wengine.

Na kuna jambo ambalo hakuna aliyekuomba, wala hutaombwa hadi siku ya kilio: nakala ya akiba. Flashi hushika virusi, diski huchubuka, umeme hukatika katikati ya kuhifadhi. Kila programu inapofungwa, ifanye iandike orodha nzima mahali pa pili. Hili litangulie hata DJ, maana umesema tayari imeanza kugoma.

Nimemwacha baba mdogo mwisho kwa makusudi. Katika orodha yako yote, ombi lake ndilo dogo kuliko yote, nawe umelichelewesha sawa na mengine. Mtu aliyekununulia kompyuta amekwambia macho yake hayaoni vizuri, ukampanga foleni na vijana wa muvi. Yeye amenuna kwa sababu ya hiyo foleni. Kuza herufi leo usiku. Jumapili baada ya kanisa nenda kwake na shangazi yako, maana ukienda peke yako atakuacha umekaa tu. Usianze na maneno mengi. Washa programu, mwache asome mwenyewe jina la video ya kwanza, ndipo umwombe msamaha.

Ukishatoka kwake, pita kwa mpiga video ukamwambie madeni hayaji.