Viza ya kukaa muda mrefu ng'ambo bila kufanya kazi

Swali: Mkazi wa Muyinga, Burundi, anayetaka kukaa nje ya nchi muda mrefu bila kufanya kazi aombe viza gani?

Jibu: Uchaguzi hutegemea nchi, muda na sababu ya kukaa.

Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ilijiunga nayo mwaka 2007, kwa kawaida viza haihitajiki. Raia wa Burundi anayevuka mpaka wa Kobero kuingia Tanzania hupewa bila malipo pasi ya mgeni isiyozidi miezi sita. Pasi hiyo hairuhusu kazi. Anayetaka kukaa zaidi huomba kibali cha ukaazi. Tanzania ina madaraja matatu: A ni la wawekezaji na wanaojiajiri, B la walioajiriwa, na C la makundi mengine, wakiwamo wastaafu na watafiti.

Ulaya mambo ni tofauti. Viza ya Schengen ya muda mfupi huruhusu siku 90 tu katika kila siku 180. Kwa muda mrefu zaidi huombwa viza ya kitaifa, aina ya D. Ufaransa hutoa viza ya mgeni kwa mtu mwenye kipato cha kujitosheleza, bima ya afya na makazi, anayeahidi kwa maandishi kutofanya kazi. Anayefuata masomo au familia huomba viza ya wanafunzi au ya familia.

Sababu ya kweli ya safari ndiyo itajwe katika maombi. Kudanganya huweza kusababisha kunyimwa viza.