Kuchagua RAM Inayopatana na Kompyuta ya Mezani: Tuanze na Mashine, Siyo Duka

Utangulizi

Katika somo letu la leo tunaongelea jambo linaloonekana dogo, lakini limezigharimu ofisi nyingi za parokia, shule na vikundi: kuongeza RAM kwenye kompyuta ya mezani iliyonunuliwa ikiwa imeshaundwa kiwandani. Tunaanza na kosa letu wenyewe, maana ndilo lililotufundisha.

Miaka michache iliyopita kompyuta ya ofisi yetu ilikuwa nzito mno. Katibu akifungua orodha ya ubatizo, aliweza kwenda kuchota maji ya kunywa na kurudi kabla haijafunguka. Tukakusanya fedha kidogo, tukaenda dukani, tukasema: "Tunataka RAM ya DDR3, GB 16." Tukaletewa vipande viwili vya GB 8 kwa bei nafuu kuliko tulivyotegemea. Tukafurahi, na ili tupunguziwe zaidi, tukamwachia muuzaji RAM yetu ya zamani.

Vipande vile viliingia vizuri kwenye sloti zake, bila kulazimisha. Lakini tulipowasha, mashine ililia milio kadhaa, skrini ikabaki nyeusi. Tuliporudi dukani tuliambiwa kuwa mzigo ukishafunguliwa haurudishwi, na RAM yetu ya zamani ilikuwa imeshauzwa. Kwa siku tisa ofisi haikuwa na kompyuta. Wachumba waliohitaji vyeti vya ubatizo kwa ajili ya ndoa walisubiri huku katibu akipekua madaftari na kuandika kwa mkono. Fedha zile zilikuwa za waamini. Rahisi ghali, wahenga walisema kweli.

Kosa letu lilikuwa wapi? Tulitaja vitu viwili tu, kizazi na ukubwa, wakati mashine inadai zaidi ya hivyo. Tutaeleza hatua kwa hatua.

1. Je, shida kweli ni RAM?

RAM ni kumbukumbu ya muda. Ni kama meza ya kazi: faili linatolewa kabatini, yaani kwenye diski, linawekwa mezani ili lifanyiwe kazi. Meza ikiwa ndogo, mfanyakazi anarudisha faili moja kabatini ili apate nafasi ya jingine, na kazi inakwenda polepole.

Kabla ya kununua chochote, tufungue programu zote tunazotumia kwa siku ya kawaida. Kwenye Windows tubonyeze pamoja Ctrl, Shift na Esc. Itafunguka Task Manager. Twende "Performance", kisha "Memory". Ikiwa mashine ni nzito na RAM imejaa kwa asilimia 90 au zaidi, kuongeza RAM kutasaidia. Ikiwa RAM imetumika nusu tu, lakini diski inasoma asilimia 100 muda wote, tatizo ni diski. Hapo fedha zitafaa zaidi kununua diski ya SSD badala ya diski ya zamani inayozunguka.

Tuangalie pia kama Windows yetu ni ya biti 32 au biti 64. Matoleo ya kawaida ya Windows ya biti 32 hayawezi kutumia zaidi ya GB 4 za RAM. Kuiwekea mashine hiyo GB 16 ni kununua meza kubwa na kuifungia stoo.

2. Tuitambue mashine yetu

Kompyuta iliyoundwa kiwandani ina faida moja: mtengenezaji ameshaandika inakubali RAM gani. Kazi yetu ni kuipata habari hiyo. Kwenye kasha kuna kibandiko chenye jina la modeli na namba ya mashine. Kwenye Dell namba hiyo inaitwa Service Tag, nayo ina herufi na tarakimu saba. Kwenye HP tutatafuta namba ya bidhaa na namba ya mfululizo (serial number) ya mashine yenyewe. Tukiingiza namba hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji, tutapata kitabu cha mashine yetu hasa.

Kwa nini tusitosheke na jina? Kwa sababu majina hurudiwa. Dell ilitoa OptiPlex 7010 mwaka 2012, nayo inatumia DDR3. Mwaka 2023 ilitoa tena mashine inayoitwa OptiPlex 7010, na hiyo haikubali DDR3 kabisa. Vivyo hivyo, HP EliteDesk 800 G1 inatumia DDR3, lakini ndugu yake EliteDesk 800 G2 ya umbo la SFF inatumia DDR4. Tofauti inayoonekana kwenye jina ni tarakimu moja tu. Anayemwambia muuzaji "ni EliteDesk 800" hajamwambia kitu.

Ule ukurasa wa "Memory" tulioufungua unaonyesha pia kasi ya RAM iliyopo, sloti ngapi zimetumika kati ya zilizopo, na umbo lake. Wanaotumia Linux wanaweza kuandika: sudo dmidecode -t memory. Mwisho, tuzime mashine, tufungue kasha, tusome kibandiko cha RAM iliyomo. RAM inayofanya kazi leo ndiyo shahidi wa kwanza.

3. Mambo matano ya kulinganisha

Kwanza, kizazi. DDR3 ilianza kuuzwa mwaka 2007, DDR4 mwaka 2014, na kiwango cha DDR5 kilitangazwa mwaka 2020. Vizazi hivi havichanganyiki. DDR3 ya kompyuta ya mezani ina pini 240. DDR4 na DDR5 zina pini 288 kila moja, lakini pengo la katikati ya pini limewekwa mahali tofauti ili moja isiingie kwenye sloti ya nyingine. Kipande kikikataa kuingia, tusilazimishe. Mashine inatuambia jambo.

Pili, umbo. RAM ya kawaida ya kompyuta ya mezani, DIMM, ina urefu wa sentimita 13 na kidogo. Ya kompyuta mpakato, SO-DIMM, ni karibu nusu ya hapo. Tuwe macho: kompyuta ndogo sana za mezani, zile zinazotoshea kiganjani au nyuma ya skrini, mara nyingi hutumia SO-DIMM. EliteDesk 800 G1 ya umbo dogo kabisa ni mfano mmojawapo.

Tatu, aina. Hapa ndipo tulipoanguka sisi. Kuna RAM ya kawaida, kuna RAM yenye ECC ambayo hugundua na kusahihisha makosa, na kuna RAM ya seva iliyosajiliwa, ambayo ina chipu ya ziada katikati ya njia. Katika DDR3, ya kawaida na ya seva zina urefu uleule, pini zilezile na pengo mahali palepale. Macho hayawezi kuzitofautisha kwa umbo, na sloti huipokea ya seva bila kinyongo. Lakini kompyuta za kawaida za ofisi haziwaki nayo. Seva zikistaafishwa, RAM zake huuzwa kwa wingi na kwa bei ya chini. Bei ile iliyotufurahisha ilikuwa onyo.

Nne, ukubwa na idadi ya sloti. Kila mashine ina kikomo cha jumla na kikomo cha kila sloti. OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 yenye sloti nne inakubali hadi GB 32, yaani GB 8 kwa kila sloti. Kipande cha GB 16 hakina kazi pale.

Tano, kasi na volti. RAM yenye kasi zaidi ya uwezo wa mashine kwa kawaida hushuka hadi kasi ya mashine. Na tukichanganya vipande vya kasi tofauti, vyote hufuata cha polepole. Basi hakuna haja ya kulipia kasi ambayo mashine haitaitumia. Kuhusu volti, DDR3 hutumia volti 1.5 na DDR3L hutumia 1.35. DDR3L imeundwa iweze kufanya kazi hata kwa 1.5, lakini mashine inayodai DDR3L tusiiwekee DDR3 ya kawaida.

4. Kusoma kibandiko

Tuchukue kibandiko cha kawaida: 4GB 2Rx8 PC3-12800U. Alama "4GB" ni ukubwa. "2Rx8" inaeleza jinsi chipu zilivyopangwa: makundi mawili, kila chipu ikitoa biti 8. "PC3" ni DDR3. Ingekuwa DDR3L tungesoma "PC3L". "12800" ni megabaiti kwa sekunde. Tukigawanya kwa 8 tunapata 1600, yaani hii ndiyo ileile inayoitwa DDR3-1600. Herufi ya mwisho ndiyo ya thamani: U ni RAM ya kawaida, E ni ya kawaida yenye ECC, R ni ya seva, na S ni ya kompyuta mpakato.

Kwenye DDR4 maandishi hubadilika kidogo, kwa mfano PC4-2400T-UA1. Hapa 2400 ni kasi yenyewe, na T inahusu muda wa kusubiri. Herufi ya aina ni ile inayofuata kistari cha pili: U, E, R au S.

Vile vipande vyetu viwili viliandikwa PC3-12800R. Herufi moja tu, na ofisi ikasimama siku tisa.

Kwa DDR3 na DDR4 kuna njia nyingine ya kupima: tuhesabu chipu nyeusi zilizo sawa upande mmoja wa kipande. RAM ya kawaida mara nyingi ina 8. Zikiwa 9, ni dalili ya ECC. Pia tujihadhari na tangazo linalosema RAM ni ya mashine za AMD tu. Zipo DDR3 za bei ya chini zenye mpangilio wa chipu ambao mashine za Intel hazikubali.

5. Mfano wa ununuzi

Tuseme tuna OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 yenye sloti nne, na ndani mna vipande viwili vya GB 2. Tunaongeza vipande viwili vya GB 4 kwenye sloti mbili zilizo wazi, jumla GB 12. Kwa nini viwili badala ya kimoja cha GB 8? Kwa sababu mashine husoma RAM kwa njia mbili kwa pamoja vipande vikiwa jozi inayolingana, nayo huwa na kasi zaidi. Kitabu cha mashine huonyesha sloti zipi ni jozi.

Dukani tutasema hivi: "Tunaomba vipande viwili vinavyofanana vya GB 4, DDR3, PC3-12800U, virefu vya kompyuta ya mezani, visivyo na ECC, visiwe vya seva." Tuombe risiti iliyoandikwa hivyo hivyo, na tukubaliane kabla ya kulipa kwamba vikikataa vitarudishwa. Kuuliza si ujinga.

Tukumbuke jambo moja zaidi. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kichakataji cha mashine hii hakimo katika orodha ya Windows 11. Kwa hiyo tusitumbukize fedha nyingi humo. RAM ya kiasi, pengine pamoja na Linux, inaweza kuipa miaka ya kazi. Zaidi ya hapo, tuweke akiba ya mashine nyingine.

6. Kufunga na kujaribu

Tuchomoe waya wa umeme, kisha tubonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki utoke. Tuguse chuma cha kasha kabla ya kushika RAM, na tuishike kwa kingo. Tulinganishe pengo, tusukume pande zote mbili hadi vibanio vifunge.

Mashine ikikataa kuwaka, tusikilize. Kwenye Dell za wakati ule, milio miwili humaanisha RAM haionekani, na milio minne humaanisha RAM imeshindwa kusomwa au kuandikwa. Ikiwaka, tuhakikishe jumla ya GB inaonekana, kisha tuandike mdsched kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows ili RAM ikaguliwe. RAM ya zamani isitoke mikononi mwetu mpaka mpya imefanya kazi walau wiki moja.

Hitimisho

Mashine ndiyo inayochagua RAM; sisi tunasoma tu ilivyokwisha kuchagua. Anayekwenda dukani akiwa na namba ya mashine, picha ya kibandiko cha zamani na idadi ya sloti, hawezi kuuziwa kwa urahisi kisichomfaa. Vile vipande viwili vya R bado tunavyo kwenye droo ya ofisi. Anayekuja kujifunza ukatibu huonyeshwa kwanza, asome ile herufi.

Maswali ya kujipima

1. Kompyuta ina RAM iliyotumika asilimia 45 na diski asilimia 100. Tununue nini?
2. Kuna tofauti gani kati ya PC3-12800U na PC3-12800R?
3. Ofisi yako ina sloti ngapi za RAM, na ngapi ziko wazi? Kaangalie leo, uandike kwenye daftari la mali.