Gari la Oto: Mguu Wako wa Kulia Ndio Gia

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya nishati na maji ya Tanzania, hutangaza bei kikomo za mafuta, na wenye Toyota IST, Vitz na Premio huanza kupiga hesabu upya. Bei hatuipangi sisi. Kiasi kinachoungua ni chetu, hata kwa gari linalobadilisha gia lenyewe.

1. Usilikurupushe. Giaboksi ya oto husikiliza unavyokanyaga. Ukikandamiza ghafla inashuka gia, injini inalia, mshale wa RPM unaruka hadi 4,000, kisha mita hamsini mbele unakuta foleni. Kanyaga taratibu, mshale ucheze kwenye 2,000 hivi. Ukishapata mwendo unaoutaka, legeza mguu kidogo. Giaboksi itapanda gia ya juu mapema. Kwenye CVT, yaani giaboksi isiyo na hatua za gia, hutasikia gia ikibadilika, ila utaona mshale ukishuka na mwendo ukibaki palepale.

2. Mteremkoni usiweke N. Wapo wanaoapa kwamba kushuka mlima Kitonga kwa frii, yaani kwenye N, kunaokoa mafuta. Si kweli, na ni hatari. Gari la nozeli za umeme likiwa kwenye D, ukiondoa mguu kwenye mafuta, kompyuta hufunga nozeli: magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, haihitaji kupewa kitu. Ukiweka N umeyatenga magurudumu na injini, basi lazima inywe mafuta ili isizimike. Tena unabaki na breki tu, nazo zikipata moto hazishiki. Kwenye mteremko mkali shusha hadi 2 au L. Mlio wa injini utapanda, usiogope, bado hainywi.

Kanuni hiyohiyo inafaa mjini. Ukiona taa nyekundu au tuta kwa mbali, ondoa mguu mapema, gari lipunguze mwendo lenyewe. Anayekanyaga mafuta hadi kwenye tuta halafu breki, amelipia mwendo alioutupa.

3. Angalia dashibodi: "O/D OFF" imewaka? Basi umejinyima gia ya juu kabisa. Kuna watu wanakwenda hadi Morogoro hivyo, kwa sababu kitufe cha O/D kiligongwa na goti au mtoto. Zima O/D unapopanda au kushuka mlima tu.

4. Kwenye foleni, liache litambae. Ukiachia breki, oto husogea yenyewe. Acha nafasi mbele, utambae badala ya kurukia kila upenyo. Mguu wa kushoto hauna kazi kwenye gari hili. Ukiuweka juu ya breki, unazibana bila kujua. Na ukimsubiri mtu nje ya duka, zima. Injini ndogo inayounguruma imesimama hula nusu lita hadi lita moja kwa saa, na kiyoyozi kinaongeza.

5. Upepo wa matairi. Soma kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva. Magari ya Japani huandika kPa: 220 ni kama psi 32. Pima asubuhi, matairi yakiwa ya baridi.

6. Barabara kuu, tulia kwenye 80. Ukifika 100, ukinzani wa hewa unaongezeka kwa zaidi ya nusu. Madirisha yafunge, kiyoyozi kidogo kinatosha; mjini kwa mwendo mdogo fanya kinyume chake. Madereva wa V8 za serikali waache wapite, mafuta yao yanalipwa kwingine.

7. Pima mwenyewe. Jaza tangi hadi pampu ijikate, rudisha kipimo cha safari kwenye sifuri, endesha wiki nzima, ujaze tena kwenye pampu ileile. Gawa kilomita kwa lita. Namba ikiporomoka ghafla, kagua plagi, chujio la hewa na breki zinazobana kabla hujakilaumu kituo cha mafuta.