Kuunganisha Ofisi Mbili kwa Handaki la Mtandao

Tuseme SACCOS yenu ina makao makuu Moshi na tawi Same. Tawi linataka kusoma daftari la wanachama lililo kwenye seva ya Moshi. Handaki la mtandao hupitisha mawasiliano hayo katika intaneti ya kawaida: ruta ya Same hufumba kila pakiti, ya Moshi huifumbua. Kompyuta za ofisini hazihitaji kuwekewa programu yoyote.

Kazi kubwa ni ya karatasi na kalamu. Andikeni anwani za ndani za kila ofisi. Ruta nyingi za MikroTik hutoka kiwandani na mtandao wa 192.168.88.0/24. Ofisi zote mbili zikiachwa hivyo, ruta zitasalimiana vizuri lakini daftari halitafunguka, kwa kuwa kompyuta ya Same ikiitafuta seva ya Moshi, tuseme 192.168.88.10, itaitafuta humo humo ofisini. Same ipeni 192.168.20.0/24.

Kisha tazameni anwani ambayo kampuni ya intaneti imeipa ruta. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mnachangia anwani na wateja wengine, na wa nje hawezi kuwabishia hodi. Laini za simu mara nyingi ziko hivyo. Basi Moshi ilipie anwani ya umma ya kudumu, Same ndiyo ianze kupiga.

Kwa handaki lenyewe tunashauri WireGuard, iliyoingia katika kerneli ya Linux mwaka 2020 na imo pia katika RouterOS 7 ya MikroTik. Kila ruta hutengeneza funguo mbili, wa umma na wa siri. Mnabadilishana ule wa umma tu, wenye alama 44. Wa siri hautumwi kwa mtu yeyote kwa WhatsApp, hata meneja akiuomba. Moshi ifungue kwenye fayawoli poti ya UDP mliyochagua. Wengi hutumia 51820. Same iwekewe salamu ya kila sekunde 25, la sivyo njia hujifunga kimya kimya. Kila upande uorodheshe mtandao wa mwenzake kuwa unaoruhusiwa, na kwenye MikroTik muongeze njia ya kuufikia kwa mkono. Hapa ndipo mafundi wengi husahau.

Ping ikijibu lakini kurasa nzito zikakwama, msilaumu seva upesi. Shusheni MTU ya handaki, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, kutoka 1420, mjaribu 1380, na kwa laini ngumu hata 1280.