Una soriasisi? Jua unalo, sasa shughulikia haya

Ukishaambiwa una soriasisi, washauri hawakosekani. Mmoja anakuuzia kopo la vitamini D, mwingine anakwambia ushinde juani. Kwa mkulima wa pamba wa Simiyu, pesa huja msimu mmoja. Itumie panapolipa.

Hakikisha kwanza ni soriasisi. Tazama viwiko, magoti, kiuno na kichwa: kuna mabaka mazito yenye magamba? Kucha zina vishimo vidogo? Kwenye ngozi nyeusi baka huwa la zambarau au la kijivu, si jekundu kama kwenye picha nyingi za mtandaoni. Fangasi na pumu ya ngozi vina dawa zake, kwa hiyo mwache daktari aamue. Na soriasisi haiambukizi. Kula sahani moja na wenzako bila wasiwasi.

Usitegemee vidonge vya vitamini D viondoe mabaka. Norway, ambako jua la majira ya baridi ni haba, watafiti waliwapa watu wenye soriasisi dozi kubwa kwa miezi minne. Matokeo yalitoka mwaka 2023: ngozi zao hazikupata nafuu kuliko za wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa. Huku kwetu hali ya vitamini D ni nzuri zaidi. Wamasai na Wahadzabe waishio kwa mila zao, hawa wa pili wakiwa majirani wa Meatu kando ya Ziwa Eyasi, walipimwa damu. Ripoti ya mwaka 2012 ilionyesha wastani wa vitamini D wa nanomoli 115 kwa lita. Wataalamu wengi huona 50 inatosha.

Ota jua kwa kiasi. Kama unalima au unachunga, unalipata tayari. Kama unashinda dukani au ofisini, toka nje saa nne au saa tano asubuhi, mikono na miguu wazi, dakika 15 hivi, siku kadhaa kwa wiki. Jua la kupitia kioo cha dirisha halitengenezi vitamini D. Ingia kivulini kabla ngozi haijaanza kuwaka, maana ngozi iliyoungua inaweza kuota mabaka mapya. Kama una ualbino au lupasi, ruka hatua hii kabisa.

Ongeza kwenye sahani. Samaki na kiini cha yai vina vitamini D. Dagaa wa Busega, anayeliwa mzima na mifupa yake, anakupa na madini ya chokaa.

Ukiandikiwa vidonge vya vitamini D, soma lebo. Tafuta namba iliyo mbele ya herufi IU. Mtu mzima anahitaji 600 hivi kwa siku, 800 akivuka miaka 70. Usipite 4,000 kwa siku bila daktari. Kuna vidonge vya 60,000, hivyo huandikwa kimoja kwa wiki, tena kwa muda maalumu. Ukivimeza kila siku, chokaa hupanda kwenye damu: kiu kali, mkojo mwingi, kichefuchefu, hata figo kuharibika.

Vitamini D inayotibu soriasisi ni ya kupaka. Inaitwa kalsipotrioli. Muulize daktari kama inakufaa na inapatikana wapi. Mtu mzima asizidishe gramu 100 kwa wiki.

Lainisha ngozi kila siku. Oga kwa maji ya uvuguvugu, jifute kwa kugusisha taulo, kisha paka vaselini ngozi ikiwa bado na unyevu. Weka kando dodoki na jiwe la kusugulia. Kila mkwaruzo ni nafasi ya baka jipya.

Kataa prednisoloni ya kujinunulia. Vidonge hivi husafisha ngozi haraka, kisha ukiviacha soriasisi inaweza kurudi kwa nguvu, wakati mwingine na usaha. Krimu kali za steroidi nazo zina muda wake, na zikizidi ngozi huwa nyembamba. Ukienda duka la dawa, nenda na cheti.

Linda moyo. Hapa ndipo afya yako ya miaka 20 ijayo ilipo. Soriasisi huambatana na presha, kisukari na maradhi ya moyo. Pima presha na sukari angalau mara moja kwa mwaka, punguza kitambi, acha sigara na punguza pombe.

Sikiliza viungo. Vidole vikivimba, au ukiamka umekakamaa zaidi ya nusu saa, wahi hospitali. Soriasisi ya viungo ikicheleweshwa hukunja vidole moja kwa moja.

Soriasisi ikilipuka ghafla mwili mzima, usisubiri. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapo Bariadi, na upime VVU pia, kwa sababu vinaweza kuichochea. Ukihitaji bingwa, omba rufaa ya Bugando, Mwanza, au KCMC, Moshi, kwenye kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992.

Ukiandikiwa methotreksati, shika hili: ni mara moja kwa wiki, si kila siku. Chagua siku, iandike kwenye pakiti. Usiinywe ukiwa mjamzito, na usiichanganye na pombe.

Wiki hii anza na mawili tu: nunua vaselini, kapime presha. Kopo la vidonge linaweza kusubiri.