Mtembea kwa Miguu Anapogongwa na Gari la Polisi: Mafunzo ya Dereva na Kumbukumbu za Tabibu

Lamadi, wilayani Busega katika Mkoa wa Simiyu, ni mji uliokua juu ya njia panda. Barabara kuu ya Mwanza–Musoma hukutana hapo na ile ya Bariadi. Mabasi, malori, bodaboda na magari ya Serikali hupita katikati ya wachuuzi na wanafunzi. Mahali pa namna hii, dereva wa polisi anayeitikia wito wa dharura hukabiliwa na swali ambalo king'ora hakilijibu: mtu akiingia barabarani sasa, je, gari litasimama?

Dereva huhitaji takriban sekunde moja kuona hatari na kukanyaga breki. Katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria katika maeneo ya makazi, gari huenda mita 14 kabla breki haijashika, na kwenye lami kavu husimama baada ya mita 28 hivi. Katika kilomita 80, sekunde hiyo peke yake humeza mita 22. Mtoto aliye umbali wa mita 28, ambaye dereva wa kwanza angesimama mbele yake, atagongwa na wa pili kwa mwendo unaozidi kilomita 70. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hatari ya kifo kwa mtembea kwa miguu huongezeka mara 4.5 mwendo unapopanda kutoka kilomita 50 hadi 65.

Kwa hiyo mafunzo ya dereva wa polisi hayawezi kuishia kwenye ustadi wa kukata kona. Kigumu zaidi kufundisha ni kupunguza mwendo ilhali wito ungali unangoja. Mjini Seattle, Marekani, Januari 2023, askari aliyekuwa akienda kuokoa mgonjwa alimgonga na kumuua mwanafunzi aliyekuwa kwenye kivuko. Gari lilifikia maili 74 kwa saa pasiporuhusiwa kuzidi 25. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 2022 humpima dereva wa namna hiyo kwa kumlinganisha na askari makini aliyepata mafunzo yaleyale. Kipimo hicho humlinda aliyefuata mafunzo, na humbana aliyeyapuuza.

Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 humfanya dereva mwenyewe awajibike kijinai anaposababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari. Madai ya fidia dhidi ya Serikali hutanguliwa na notisi ya siku 90. Lakini ajali huchunguzwa na polisi, na fomu ya PF3 hutolewa na polisi. Gari linapokuwa lao, maandishi ya tabibu huweza kuwa ndiyo kumbukumbu pekee iliyoandikwa nje ya jeshi hilo.

Maandishi hayo yana thamani yakiwa na vipimo. "Ajali ya barabarani, amefariki" hayamsaidii yeyote, hata dereva asiye na hatia. Kila jeraha la mguu lipimwe urefu wake kutoka kisiginoni, na ielezwe liko mbele, nyuma au ubavuni. Gari linapofunga breki, pua yake huinama. Jeraha lililo chini ya kimo cha bampa hudokeza kwamba breki ilikanyagwa. Mfupa wa muundi ukivunjika kwa kipande chenye pembe tatu, kitako chake kwa kawaida huwa upande uliogongwa. Gari dogo humrusha mtu mzima juu ya boneti, bali gari refu lenye uso wima, kama Toyota Land Cruiser, humpiga kwenye paja au nyonga, na mtoto kifuani au kichwani, kisha huweza kumkanyaga. Alama za matairi zipigwe picha pamoja na rula. Nguo zisifuliwe, zikaushwe na zihifadhiwe kwenye mfuko wa karatasi. Saa ya kufika na saa ya kufa ziandikwe. Neno "uzembe" lisiandikwe: hilo ni la mahakama, ambayo yaweza kumwita tabibu aeleze alichokiona.

Majeruhi aliye hai atibiwe kwanza. Damu haisubiri fomu.

Ndugu wa marehemu, kwa upande wao, mara nyingi huharakisha maziko, na huzuni yao inaeleweka. Hata hivyo, uchunguzi wa mwili wauombe kabla ya kuosha maiti, na namba ya jalada waitunze pamoja na kibali cha mazishi.