Soma Kitambulisho Chako

Ndugu msomaji, toa kitambulisho chako cha taifa ukisome mwenyewe, bila kumwita mtoto akusomee.

Anza na jina. Karani akisikia vibaya, Mwajuma huandikwa Majuma. Ni herufi moja tu, lakini siku ya kudai mirathi ya mume au kuchukua fedha benki, jina lisilolingana na hati nyingine linaweza kukurudisha nyumbani mikono mitupu.

Kisha tazama namba. Ina tarakimu 20. Nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mtu aliyezaliwa tarehe 5 Machi 1961, namba yake huanza na 19610305.

Ukiona kosa, usijiandikishe upya kama mtu mgeni. Wengi hudhani hiyo ndiyo njia fupi, kumbe sivyo. Alama za vidole vyako zimo tayari katika kumbukumbu za Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, yaani NIDA, na mitambo huzitambua. Nenda ofisi ya NIDA ya wilaya, useme: "Nimekwisha kuandikishwa, naomba marekebisho ya taarifa zangu." Chukua kitambulisho hicho na cheti cha kuzaliwa, au hati nyingine yenye jina sahihi. Uliza ada kwanza. Ukilipa, dai risiti.

Na kama benki wana dole gumba lako, waambie sasa unaweza kutia saini.

Zoezi: Andika katika daftari tarakimu nane za kwanza za namba yako. Je, ndiyo tarehe uliyozaliwa?